Mtoto Anayeziba Masikio

Ni siku ya Mungu, na ibada imeanza. Ngoma zinalia, waimbaji wamesimama, vipaza sauti vimefunguliwa mpaka mwisho. Kati ya akina mama ameketi mtoto wa miaka sita hivi. Wimbo unapopanda, mtoto anaziba masikio kwa mikono miwili, anapiga kelele, anajitupa chini. Shemasi anakuja mbio. "Mama, umtoe mtoto inje, anavuruga watu." Mama anamshika mkono na kutoka. Inje, chini ya mwembe, mtoto ananyamaza.

Siku ya Mungu ya pili mama anakaa mlangoni. Ya tatu haji. Kisha maneno yanaanza kutembea kijijini: mtoto yule hapendi kusikia sifa za Mungu, kuna kitu kinachokaa ndani yake.

Ndugu msomaji, labda wewe umemwona mtoto wa namna hii. Labda ni wa kwako. Tumeandika kurasa hizi kwa ajili ya mama yule, na kwa ajili ya shemasi pia, maana shemasi si mtu mbaya, hakufundishwa tu. Mtoto yule hakatai sifa za Mungu. Ngoma inamwumiza.

Inaweza kumwumiza namna gani? Wengi wetu tulijifunza shuleni kwamba mtu ana milango mitano ya kupokea habari: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Iko mingine miwili ambayo haionekani. Mmoja uko ndani kabisa ya sikio, nao unapima usawa wa mwili; kwa sababu yake unajua kama umesimama sawa au unaanguka. Mwingine uko katika misuli na viungo. Fumba macho sasa hivi, inua mkono wako juu. Unajua uko wapi, ingawa huuoni. Mama anayetoka mtoni na ndoo kichwani haangalii shingo yake wala miguu yake. Milango hii miwili inamwambia yote.

Habari za milango yote zinakwenda kwenye ubongo, na ubongo unazichagua. Wewe ukisoma hapa, kuku wanalia, mtu anatwanga sombe, nguo inagusa mabega yako, nawe hukuifikiri nguo hiyo mpaka tulipoitaja. Ubongo uliiweka kando. Lakini wako watoto ambao ubongo wao hauweki kando. Kila sauti inaingia na nguvu yake yote. Mshono wa shati unamchoma kama mwiba. Maji ya baridi usoni yanamtisha kama kofi. Na wako wengine ambao habari zinawafikia dhaifu sana: mtoto anaanguka na kutoka damu bila kulia, anatafuna ukosi wa nguo yake, anaruka, anajigonga ukutani, hatulii. Huyu hatafuti ugomvi. Anatafuta kuusikia mwili wake. Mara nyingine mtoto mmoja ana mambo yote mawili, na hapo ndipo wazazi wanachoka kabisa.

Hali hii inaonekana mara nyingi kwa watoto wenye ule ulemavu ambao wanganga wanauita otisme. Unaanza mapema, mara nyingi kabla mtoto hajazaliwa. Hauletwi na malezi ya mama wala na chanjo. Inaonekana pia kwa watoto ambao ubongo uliumizwa: uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu mno, mtoto aliyezaliwa asilie, mtoto mchanga aliyegeuka manjano sana asitibiwe, malaria iliyopanda kichwani, ugonjwa wa uti wa mgongo. Watoto hao mara nyingi wana miguu na mikono migumu au iliyolegea, na kumeza kunawashinda.

Lakini kabla ya kusema neno lo lote juu ya mtoto, apimwe masikio na macho. Tusicheke, imetokea mara nyingi kwamba mtoto aliyeitwa mkaidi miaka yote alikuwa kiziwi.

KAZI IKIWA DAWA

Kuna matibabu ambayo kwa Kifaransa huitwa ergoterapi, maana yake ni matibabu kwa njia ya kazi. Mwezi wa Machi 1917, katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York kule Marekani, watu wachache walikutana wakaanzisha chama cha kazi hii. Mmoja wao, George Barton, alikuwa mchoraji wa ramani za majumba. Yeye mwenyewe alikuwa ameugua kifua kikuu, na upande wa kushoto wa mwili wake ulikuwa umepooza. Alijifunza katika mwili wake kwamba mgonjwa anayelala tu anazidi kudhoofika, na mgonjwa anayepewa kazi inayomfaa anapata nguvu tena. Baadaye mwanamke mmoja wa California, Jean Ayres, aliyezaliwa mwaka 1920, alifanya kazi na watoto walioshindwa kusoma na kucheza kama wenzao. Yeye ndiye aliyeeleza kwa utaratibu mambo haya ya milango ya mwili, na kitabu chake kilitoka mwaka 1972.

Tukisema "kazi" hatusemi kazi ya mshahara. Kazi ya mtoto ni kula, kuvaa, kuoga, kucheza, kujifunza. Wenye kufundishwa ergoterapi katika Kongo ni wachache, na kama tungengoja mmoja afike katika kila kijiji, watoto wetu wangezeeka. Heri ni kwamba sehemu kubwa ya matibabu haya hufanyika jikoni, na mikono inayoyafanya ni mikono ya mama, ya baba, ya nyanya, ya ndugu wa mtoto.

Tuanze na kula, kwa sababu hapo ndipo watoto wanapokufa.

Mara nyingi mama huja na mtoto wa miaka mitatu mwenye uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Anakohoa daima. Amekwisha kulazwa mara mbili kwa ajili ya mapafu. Anfirmie anauliza, "Mama, unamlisha namna gani?" Mama anaonyesha: anamlaza mtoto juu ya magoti, kichwa kimeanguka nyuma, anamimina uji mwepesi kinywani. Ndivyo mama yake alivyofanya, na kwa mtoto mwenye nguvu labda hakuna hasara kubwa. Lakini mtoto huyu hawezi kufunga njia ya pumzi upesi. Uji unaingia kwenye mapafu. Kila siku kidogo, kila siku kidogo, mpaka homa.

"Basi, mama, tujaribu hivi." Mtoto akae. Mgongo uwe wima, kichwa kiwe sawa, kidevu kielekee kifua kidogo. Magoti yakunjwe na nyayo zikanyage kitu, zisining'inie, maana mtoto ambaye miguu yake inaning'inia anakaza mwili wote kwa hofu ya kuanguka, na kinywa kinakaza pamoja nao. Kama hana kiti, kata katoni yenye nguvu na kumtegemeza kwa nguo zilizokunjwa pande zote mbili. Au mkalishe katika pembe ya kuta mbili. Wenye mchanga karibu wanaweza kuchimba shimo dogo ambalo mtoto anakaa ndani mpaka kiunoni. Seremala wa kijiji anaweza kutengeneza kiti chenye meza mbele kwa mbao chache. Apimwe mtoto mwenyewe, asikisie.

Uji uwe mzito, wa kuanguka polepole kutoka kijikoni, na utiwe mafuta kidogo au karanga zilizosagwa laini. Bugali laini na sombe iliyotwangwa vizuri, maharagwe yaliyopondwa na kuondolewa maganda, ndizi iliyopondwa: vyote vinafaa. Kijiko kiwe kidogo, kisiwe na shimo refu. Kiweke juu ya ulimi, bonyeza kidogo, ngoja midomo ifunge, kisha ukitoe. Usikwangue chakula kwenye meno ya juu. Ngoja ameze. Ngoja kweli. Halafu kijiko cha pili. Akimaliza, abaki ameketi nusu saa kabla ya kulala.

Mama atasema, "Anfirmie, nina watoto wengine wanne na shamba. Nitapata wapi muda huo?" Swali lake ni la haki, nasi hatutaki kumjibu kwa maneno mepesi. Mlo wa mtoto kama huyu unaweza kuchukua nusu saa, na mara tatu au zaidi kwa siku. Mama mmoja hawezi peke yake. Kwa hiyo afundishwe baba, afundishwe dada mkubwa, afundishwe nyanya, na wote wafanye namna moja. Wababa wengine wanadhani kijiko ni kitu cha wanawake. Anayebeba mtoto wake mgonjwa kilometa 40 kwa baiskeli mpaka hospitali hawezi kushindwa na kijiko.

Na mtoto asilishwe peke yake nyuma ya nyumba. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na miaka 5 mlezi wake alipokimbia naye kwa hofu ya vita, akaanguka, na miguu yake yote miwili ikalemaa. Habari iko katika 2 Samweli 4. Ukiendelea mpaka sura ya 9 utaona Daudi alivyomfanyia: alimketisha kwenye meza yake, pamoja na wana wa mfalme. Miguu haikupona. Alikula akiwa kiwete, naye alikula mezani. Weka kiti cha katoni karibu na mkeka ambapo wengine wanakula. Mtoto hujifunza kutafuna kwa kuangalia wanaotafuna.

Mtoto akianza kushika kijiko mwenyewe, funga mpini kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili uwe mnene. Weka kitambaa kilicholowa chini ya sahani ili isikimbie. Atachafua. Mwache achafue.

NGUO, MAJI NA MZIGO

Juu ya kuvaa tutasema mambo mawili tu. Kama upande mmoja wa mwili ni mgumu, ingiza kwanza mkono ule mgumu katika shati, na wakati wa kuvua utoke mwisho. Usiuvute kwa nguvu. Uongoze polepole, utalegea. Jambo la pili: fundisha kuanzia mwisho. Mvalishe shati lote, mwache yeye ashushe tu sehemu ya tumboni. Amemaliza mwenyewe! Msifu. Akiweza hilo, mwachie na mkono wa pili. Watu wengi huanza na hatua ya kwanza, mtoto anashindwa, mama anamalizia, na mtoto hajui kamwe furaha ya kumaliza.

Mtoto anayelia akiguswa na maji, usimrushie maji ghafula. Mwambie kwanza, hata kama hasemi: "Sasa tunaosha mikono." Maji yawe vuguvugu. Anza na mikono na mgongo, uso uwe mwisho. Tumia kiganja chote na mkono wenye uzito, usimpapase kwa vidole vyepesi. Watoto hawa wengi huumizwa na mguso mwepesi, lakini mguso mzito na wa polepole unawatuliza. Ndiyo maana mtoto mwingine anayewakataa watu wote anatulia akifungwa vizuri mgongoni kwa kitenge. Nyanya zetu walijua hilo bila kitabu. Tena kubeba mtoto mwenye miguu migumu mgongoni au kiunoni, miguu ikitanuka pande mbili, kunasaidia miguu isijikaze na kupishana kama mkasi. Kama kichwa hakijasimama, kitegemeze kwa nguo.

Yule asiyetulia apewe mzigo. Hatusemi apigwe, tunasema apewe kazi nzito kidogo inayolingana na umri wake: kubeba bidoni ndogo ya lita 2 au 3, kusukuma toroka ya mchanga, kutwanga pamoja na dada, kupalilia, kukamua nguo zilizofuliwa. Misuli ikifanya kazi ya kuvuta na kusukuma, ubongo unapata habari uliokuwa ukizitafuta, na watoto wengi hutulia baadaye. Ifanyike kabla ya saa ngumu: kabla ya shule, kabla ya ibada, kabla ya kuketi kula. Bembea ya kamba chini ya mti nayo ni nzuri, iwe chini karibu na ardhi, polepole, mbele na nyuma. Mtoto akibadilika rangi, akitoka jasho au akitaka kutapika, simamisha. Asifunikwe na magunia mazito kwa kutaka kumtuliza; mtoto mdogo anaweza kukosa pumzi. Na mwenye kifafa asiachwe peke yake kwenye bembea, wala karibu na moto wala mtoni, wala dawa zake zisikatwe ghafula kwa sababu amekaa mwezi bila kuanguka.

Tunapaswa kusema kweli hapa. Mwaka 2012 chama cha wanganga wa watoto wa Marekani kiliandika kwamba matibabu haya ya milango ya mwili yanaweza kutumiwa pamoja na mengine, lakini wazazi waambiwe kwamba uchunguzi juu ya faida yake bado ni mdogo. Hayaondoi otisme. Hayarudishi ubongo ulioumia. Basi yajaribiwe hivi: chagua jambo moja, kwa mfano kuvaa shati bila kulia. Fanya kila siku kwa wiki sita au nane. Kama hali ni bora, endelea. Kama hakuna tofauti, badilisha njia, usimlaumu mtoto. Na mtu akikuuzia mashine au mafuta ya bei kubwa ya "kufungua ubongo", funga mfuko wako.

KANISANI

Turudi kwa mtoto wetu chini ya mwembe. Mama na shemasi wangefanya nini?

Mama angekaa karibu na mlango, mbali na ngoma. Angemfunga mtoto kitambaa kinene kufunika masikio, na kuingia baada ya nyimbo za kwanza. Kabla ya ibada mtoto angekuwa amechota maji. Angeambiwa mapema mambo yanayokuja: nyimbo, maombi, neno, kisha nyumbani. Akianza kujikunja au kuziba masikio, mama angetoka naye kabla ya kelele, kutembea kidogo, na kurudi. Kutoka si aibu, maana wanaonyonyesha hutoka kila siku.

Na shemasi angempa mtoto kazi. Mtoto anayebeba vitabu vya nyimbo kutoka kabatini mpaka mbele ana mzigo mikononi na nafasi kati ya watu. Wazee wa kanisa nao wangeweza kupunguza sauti ya vipaza sauti. Na kusema kweli, wazee wengi wenye masikio mabovu wangeshukuru pia, maana sauti ile haiwaponyi.

Kuna jambo lingine zito zaidi. Mahali pengine watoto wa namna hii wameitwa wachawi. Wamenyimwa chakula, wamefungwa kamba, wamechanjwa kwa wembe, wamepewa maji ya dawa kali kwa njia ya nyuma, hata katika nyumba zinazoitwa za maombi. Sheria ya nchi yetu juu ya kulinda mtoto, nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Kifungu cha 160 kinatoa adhabu ya kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini. Na kabla ya sheria hiyo, sisi wakristo tulikuwa na Yohana 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Tumwombee mtoto, ndiyo, tena kila siku. Lakini maombi hayahitaji kamba wala njaa. Ukiona mtoto amefungwa, usingoje mkutano wa wazee. Mwite Pasta, mwite chifu, mlete mtoto hospitali.

Mlete upesi pia kama anakohoa kila anapokula, kama sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kumeza, kama ana homa na pumzi za haraka, kama uzito hauongezeki kwa miezi miwili, kama amepoteza maneno au kazi aliyokuwa akiiweza, au kama anaanguka na kutetemeka.

Siku hiyo, mama, njoo na kijiko unachotumia nyumbani na sahani yake, na uji kidogo katika chupa, ili tuone namna anavyokula. Leta kitenge anachokizoea. Mtu wa pili anayemlea aje nawe kama inawezekana. Na kama mtoto hawezi kuvumilia watu wengi na kelele za barazani, mwambie mlinzi mlangoni aje kumwita anfirmie. Mngojee pale inje, chini ya mti, naye atawafuata.